Majani Mabichi Juu ya Hoteli Isiyojengwa

Jua la Florida bado halijaamua kuamka, na Verlene Stuckey yuko katikati ya uwanja wa majani, anaichomachoma ardhi kwa fimbo ya chuma kama mpishi anayejaribu viazi. Hapa ngumu. Hapa ngumu. Hatua ya nne fimbo inazama mpaka ngumi yake inagusa umande.

"Yesu wangu," anasema, na kurudi nyuma kwa kunyata, kama mtu aliyekosea mlango akaingia chumba cha mgonjwa.

Lori la mchanga linakuja kinyumenyume. Dereva ni Odell Pinder, mwenzake wa kazi kwa miaka kumi na tisa.

"Simama hapohapo, Odell! Usisogee hata inchi!"

"Dada Verlene, milango inafunguliwa saa tatu."

"Na wewe unataka kaburi lifunguliwe saa mbili?"

Verlene ana umri wa miaka sitini na mmoja. Anatunza majani katika Lanternwood, bustani kubwa ya burudani yenye mabembea, kasri la mbao na hoteli mbili kando ya ziwa. Hulipwa dola kumi na saba na senti arobaini kwa saa, na amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Goti lake la kushoto halikungoja, lilishastaafu zamani.

Kiwanja hiki wafanyakazi hukiita Hoteli ya Tatu, ingawa hakina hata kitasa cha mlango. Mwaka 1973 palikuwa pajengwe hoteli ya umbo la mlima wa barafu. Petroli ikaadimika, watalii wakabaki kwao, barafu ikayeyukia kwenye karatasi.

Mwaka 1988 ikaja hoteli ya mahema ya kifalme. Hiyo angalau ilianza. Nguzo mbili zilipigwa zikatulia. Ya tatu ikaanza kushuka yenyewe mbele ya mafundi, ikashuka, ikashuka, isionekane tena. Tangazo likasema biashara imekuwa ngumu. Majani yakapandwa juu.

"Mama yangu ndiye aliyewapikia mafundi wale," anasema Verlene. "Alisema nguzo ilikwenda kama mrija kwenye chupa ya soda. Wanaume wazima na vifua vyao, hakuna aliyemaliza soseji yake."

Sasa wenye bustani wamekuja na mchoro mwingine: ghorofa tisa, vyumba mia nne na kumi. Jumatatu ijayo wakubwa watachimba udongo kidogo kwa jembe linalong'aa, wapigwe picha.

Hapo ndipo usingizi wa Verlene ulipokatikia.

Lanternwood ina amri moja inayozipita zote: mgeni asione kitu kibaya. Rangi ikibanduka, ua likinyauka, kabla ya saa tatu kiwe kimeondoka. Kwa hiyo kila uwanja unapobonyea, Verlene na Odell humwaga mchanga alfajiri, hutandika majani mapya, kisha hujaza kadi ya kazi ya siku hiyo: "Majani yamerekebishwa." Zamani ilikuwa mara moja kwa mwaka. Mwaka jana mara sita. Mwezi huu wa ukame, maji yanayoshikilia mapango ya mawe ya chokaa huko chini yakipungua, mara nne tayari.

Wahandisi walipoomba kumbukumbu za kiwanja, walipewa kadi hizo. Wakasoma miaka kumi na tisa ya majani yaliyorekebishwa, wakausifu utunzaji. Wakatoboa ardhi sehemu nane kuipima. Tundu la karibu zaidi liko hatua arobaini kutoka hapa.

"Tumewaficha wageni mpaka tukawaficha na wenye nyumba," anasema Verlene. "Na sahihi ni yangu. Nikinyamaza, watu watalala juu ya shimo na watoto wao. Nikisema, mimi ndiye niliyelifukia. Siku hizi friji ikinguruma tu naruka kitandani, nadhani sakafu inakwenda."

Anageuza ndoo, anakaa juu yake.

"Leo mchanga haumwagwi."

"Watatufukuza, dada."

"Watufukuze tukiwa bado juu ya ardhi."

Saa mbili na nusu anafika msimamizi wao, Bwana Crutchfield, kwa kigari cha betri, tai imekaa upande.

"Verlene! Wageni wamejaa getini, wewe umekaa kwenye ndoo unauza nini?"

"Shuka uone, bosi. Ila shukia upande ule. Kwa tumbo hilo, nitaandika kadi nyingine."

Kabla hajashuka, kipande cha majani chenye ukubwa wa meza kinatoweka. Hakuna kishindo. Mchanga unasikika ukichuruzika kwenda chini, na wote watatu wanangoja usikike ukifika. Haufiki.

"Nani aliwafundisha kuandika vile kwenye kadi?" anauliza Crutchfield.

"Wewe, bosi," anasema Odell. "Wiki yangu ya kwanza kazini. Ulikuwa na nywele."

Crutchfield anashika upara wake, kisha anashika simu. Saa tatu utepe wa njano umezunguka uwanja, na watoto wa kwanza kuingia wanapiga picha, wakidhani ni mchezo mpya.

Sherehe ya Jumatatu imeahirishwa. Wahandisi watarudi kutoboa katikati. Alhamisi Verlene ameitwa mbele ya watu watano aeleze kadi zake. Kuhusu kazi yake, hakuna aliyesema neno, na ukimya huo anausikia kuliko friji.

Akiulizwa anataka nini, anasema shimo liachwe lijae maji. "Nusu ya maziwa ya huku yalianza kwa kutumbukia hivihivi. Leta bata, weka benchi, basi."

Lakini kabla ya Alhamisi ana safari moja fupi. Kesho, saa ya chakula, atavuka mpaka hoteli ya pili, ile iliyojengwa ikasimama, ambayo usiku huu inalaza wageni elfu moja na mia mbili. Majani ya pale yanatunzwa na kikosi kingine.

"Nitawauliza kwa mwaka wanamwaga mchanga mara ngapi," anasema Verlene, akisugua goti. "Naomba Mungu wanicheke."