Majina Niliyoyafuta katika Jarida la Waskoti

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko nyingi za ujana wangu ni ile niliyofuta majina ya watu arobaini na mmoja kwa kalamu nyekundu, nikajiona nimefanya kazi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowafunga Wakikuyu kwa maelfu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu ng'ambo ya ziwa, kichwa kimejaa maswali, lakini nikanyimwa kibali cha kufundisha kwa kuwa nilikuwa Mkikuyu nisiye na wa kunisemea. Nikapata ukarani katika shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika. Mwenye shamba alikuwa mjane wa Kiskoti, Memsahibu Elspeth, na zaidi ya kahawa alikuwa na kazi moja aliyoipenda: alihariri jarida la ukoo wake. Ukoo huo ulikuwa umetawanyika Kanada, Australia, Nyuzilandi, hata huku kwetu, na kilichowashika pamoja kilikuwa kijitabu hicho tu, mara tatu kwa mwaka. Mimi nilipiga stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, kwa taipureta, nikazungusha mashine ya kurudufu mpaka mkono ukafa ganzi, kisha nikaandika anwani kwenye bahasha.

Ndani ya jarida mlikuwa na habari za nani kazaliwa, nani kaoa, nani kahama. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na orodha ya wanachama wote, jina kwa jina, kila toleo. Nilimuuliza Memsahibu kwa nini tunapoteza karatasi kurudia majina yale yale.

"Watu huanzia hapo kusoma," alinijibu. "Wanajitafuta kwanza."

Sikuamini. Mambo mengi sikuyaamini siku hizo. Na sitakuficha, kazi yenyewe ilinichoma. Mama yangu alikuwa ametolewa kwa nguvu kwenye ardhi ya mbari yetu, akatiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki na seng'enge, ilhali mimi mwanawe ninawaunganishia Waskoti ukoo wao. Kuna haki gani hapo? Nililiuliza swali hilo wakati ule, na hata leo sijapata jibu lake lote.

Basi Memsahibu akaenda Mombasa kwa wiki mbili, akaniachia toleo nilimalize. Nikapekua faili za barua. Watu arobaini na mmoja hawakuwa wameandika hata mstari kwa miaka minne. Chuoni nilijifunza kwamba kisicho na ushahidi hakipo. Nikawafuta kwenye orodha, nikawafuta na kwenye bahasha. Memsahibu aliporudi akafurahi kukuta kazi imekwisha mapema. Orodha hakuihakiki. Aliniamini.

Miezi ikapita, ikaja barua ya ndege kutoka kisiwa kimoja cha Kanada. Mimi ndiye niliyefungua barua za jarida. Aliyeandika alikuwa mwanamke, akieleza habari za baba yake, Alasdair, mzee wa miaka themanini na saba, kipofu. Kila jarida lilipofika alimsomea, kuanzia orodha, hata mzee akawa ameikariri. Safari hii halikuja, akaazima la binamu yao. Aliposoma, baba yake akasikia jina lake limerukwa. "Tangu siku hiyo hali chakula vizuri," aliandika. "Ananiuliza amekosa nini hata watu wake wakamtoa. Daktari haamini kwamba ataumaliza msimu wa baridi. Tafadhali niambieni nimjibu nini."

Niliikunja nikaitia mfukoni. Ndiyo, mwanangu, wazo langu la kwanza lilikuwa kuificha.

Ndipo akaingia Mzee Njoroge, tarishi wa shamba, kuchukua mfuko wa posta. Hakujua kusoma. Kila mwisho wa mwezi nilimwandikia barua ya kumpelekea mwanawe Kariuki, aliyekuwa kizuizini.

"Bwana Digrii," akasema, "leo uso wako kama wa mbuzi aliyenyeshewa."

Nikamweleza yote. Nilitaraji acheke, maana ni mambo ya wazungu. Hakucheka.

"Kariuki ameniandikia mara ngapi?"

"Hajaandika, Mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu wamchukue."

"Haya, chukua hiyo kalamu yako nyekundu, umfute na yeye."

Ujeuri wangu ukanipanda. "Lakini hawa ni wazungu, Mzee. Si ndugu zao ndio waliomfunga Kariuki?"

"Aliyemfunga mwanangu namjua, sikuhitaji chuo kikuu kuniambia. Huyo kipofu ndiye aliyemfunga?" Akaketi juu ya sanduku la karatasi, taratibu, magoti yakimsumbua. "Wahenga walisema akufukuzaye hakuambii toka. Wewe umemtoa mzee wa watu kwao, hata mlango hukumwonyesha. Sasa niandikie barua yangu. Mwambie Kariuki yule ng'ombe mwekundu amezaa."

Nikaandika habari za ng'ombe mwekundu. Nilipomaliza nikamwomba Mzee asubiri, nikavuka ua kwenda kwa Memsahibu na ile barua ya Kanada mkononi.

Aliisoma mara mbili, akavua miwani. Nilingoja nifukuzwe.

"Sijawahi kumwona Alasdair," akasema. "Kwa nini, Gitau?"

Nikamwambia ukweli: kwamba sikuona maana ya majina yasiyojibu, na kwamba kila nilipoyapiga nilimwona mama yangu nyuma ya seng'enge. Akaivaa tena miwani.

"La mama yako sina jibu," akasema. "La huyu ninalo. Tia stensili."

Alasiri hiyo tuliichapa orodha upya, arobaini na mmoja wote wakiwamo. Nikamwandikia Alasdair barua yangu mwenyewe kwamba hakukosa neno, aliyekosa ni mimi, karani, na jina langu nikalitia chini, nikaiambatisha na orodha mpya. Mzee Njoroge akapanda baiskeli akakanyaga mpaka Thika, akaiwahi posta kabla ya kufungwa mfuko wa ndege.

Majuto ni mjukuu, na mimi nililea mjukuu huyo wiki tano. Kisha binti akajibu. Alikuwa amemsomea baba yake orodha nzima. Alipofika kwenye jina lake, mzee alisema, "Rudia." Akarudia. Akataka kidole chake kiwekwe juu ya jina hilo. Wino wa mashine yetu haukuwa wa kushikika kwa kidole, lakini alikiacha pale mpaka usingizi ukamchukua. Hakuumaliza msimu wa baridi. Katika toleo lililofuata jina lake lilikwenda kwenye ukurasa wa marehemu, nami ndiye niliyelipiga, herufi moja moja.

Kariuki aliachiliwa baadaye. Barua zetu nyingine zilimfikia, nyingine hazikumfikia. Hakupenda kuzizungumzia, nasi hatukumlazimisha.

Sasa nimesikia umechaguliwa katibu wa jamaa yetu, na kwamba unataka kuanza kwa kuwaondoa wasiohudhuria wala kujibu. Sikulaumu, una akili, na akili hupenda daftari safi. Uliza kila kitu, mwanangu, hata mimi sijaacha kuuliza. Lakini mtu akinyamaza, usimjibie wewe. Huenda haoni. Huenda amefungwa, au anaona haya, au kuna mtu anamsomea. Mwandikie tena, na tena, umweleze habari ndogo za nyumbani, wala usihesabu majibu. Na ukikosea, usitie barua mfukoni. Vuka ua ukaseme.

Mungu akupe subira ya kuwaita watu wako majina yao. Nawe siku ukikosa nguvu ya kuitika, asikosekane wa kukuita.