Chai Kabla ya Sindano

Kuna asubuhi moja ambayo hunirudia nikiwa kati ya usingizi na kuamka. Baba amekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu hapa mjini, mtaa wa Section 58, miguu mitupu, anatazama vidole vyake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuviona. Jua ni la saa nne. Viatu vyake nimevificha mimi ndani ya pipa la unga, na sina aibu hata kidogo.

Tulikuwa tumetoka maabara punde tu. Kilichomleta mjini ni kifua. Huko nyumbani, juu ya machimbo ya Kariandusi, kila alipobeba maziwa kutoka zizini hadi barabarani alisimama mara mbili njiani, akijifanya anatazama ziwa. Daktari alimzungushia tepu kiunoni, akampima presha, akampima sukari, akakunja uso. Alisema mambo haya hutembea pamoja kama ng'ombe wa boma moja, na kwamba kulibaki moja la kuangaliwa: mafuta kwenye damu. Hayo hujipaka ndani ya mishipa ya moyo polepole, miaka nenda miaka rudi, bila kuuma, mpaka siku njia inapoziba.

"Apimwe kesho asubuhi," akaniambia. "Asile kitu tangu jioni."

Mimi nikiambiwa jambo nalishika. Jioni ile nilifungia mkate kabatini, ndizi nikazipeleka kwa jirani, na baba nikamlinda kama askari jela. Asubuhi nikaamka, nikachemsha maziwa na majani, nikatia vijiko vitatu vya sukari anavyovipenda, nikampa kikombe kikubwa. Angetokaje kwangu bila chai? Kwetu mtu anaweza kunywa vikombe vitano, na ukimuuliza atakuapia kwamba hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Chai haihesabiwi. Wala haikunipitia akilini.

"Mzee, umekula?" akauliza dada wa maabara, sindano i tayari.

"Sijakula. Huyu alinifungia kama ndama."

"Hata chai?"

"Chai nimekunywa."

"Iko na maziwa?"

"Sasa chai bila maziwa si ni maji ya kuosha vyombo?"

Dada akaweka sindano chini, akicheka. Nikamfokea kwamba mgonjwa hachekwi. Akaniambia kwa upole kwamba maziwa nayo yana mafuta, nimrudishe kesho. Hapo ndipo nilipokumbuka ni nani aliyeipika hiyo chai, na masikio yakanichoma.

Njiani baba akasema basi, yamekwisha. Ana ng'ombe wa kuzaa. Atarudi mwezi ujao. Miezi ijayo ya baba naijua, kuna jino limeisubiri miaka kumi. Niliogopa. Niliona wazi kwamba akipanda gari siku hiyo, nitakapomwona tena huenda atakuwa amelala ndani ya jeneza. Tulipofika mlangoni nikamwambia nimepiga deki, avue viatu. Nilikuwa nimedanganya, sakafu ilikuwa na vumbi la juzi. Alipoingia kunawa uso, viatu vikaenda pipani.

Alikasirika kama nusu saa. Kisha hasira ikamtoka, akakaa pale kwenye ngazi, na ile siku ya ziada ikatufungukia. Maua ya jakaranda yalikuwa yakidondoka moja moja juu ya paa la jirani. Upepo ulitoka upande wa ziwa, wenye harufu ya magadi. Nilimpa nduma na kikombe cha turungi, chai nyeusi isiyo na chochote. Akainywa amefumba macho. Nilikaa karibu naye nikichambua mboga, na sikumbuki nyumba yangu kuwa kimya hivyo tena.

"Mama," akasema. Huniita hivyo tangu nizaliwe, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Unajua mama yangu alienda aje?"

"Uliniambia alichoka."

"Watu ndio walisema amechoka. Alianguka akikamua. Ndoo ikamwagika, akawa ameshika hapa." Akaweka kiganja katikati ya kifua chake. "Alikuwa na umri wako, ukiongeza miaka kidogo."

Nikaacha mboga. Ule mkono wake ulikaa pale kifuani muda mrefu, na mimi nikautazama nikitamani kuutoa.

Kesho yake alitolewa damu tumbo likiwa tupu kweli. Dada alituonyesha kichupa baada ya damu kutulia. Chini ilikuwa nyekundu, na juu yake kumekaa weupe mzito. Baba, aliyebeba maziwa maisha yake yote, akainamia kile kichupa akakitazama sana.

"Hii ni krimu," akasema.

Mimi nilikuwa nikiona kuta za machimbo ya Kariandusi, ule udongo mweupe uliojilaza tabaka juu ya tabaka chini ya ziwa la kale lililokauka, ambalo hakuna aliye hai aliyeliona. Baba alichukua dawa bila ubishi. Akatoka, na jioni akaniuliza turungi hutiwa majani kiasi gani.

Siku ile daktari alinitazama pia mimi. Akasema mambo haya hupita kwenye ukoo, na mimi nipimwe. Nikamjibu mwezi ujao. Huo mwezi una miaka mitatu sasa, na zipu za sketi zangu zinajua.

Wiki jana baba alikuja bila kupiga simu, na kabichi mbili. Asubuhi nikajiandaa kwenda kazini, nikatafuta viatu nikavikosa. Thamosi ya chai nayo haikuwepo. Nikatoka nje. Alikuwa amekaa kwenye ile ngazi, mfuko umejaa mapajani.

"Umekunywa chai?"

"Bado. Baba, nipe viatu, nachelewa. Nitaenda kupimwa mwezi u..."

"Mama." Hakupaza sauti. "Nilishazika mmoja mwenye hilo jina. Huyu wa pili kwanza apimwe."

Nilimfuata na slipa za bafuni mtaa mzima, nikilia, watu wakiangalia. Viatu alinipa baada ya sindano.