Nepi Katika Mfuko wa Koti

Hapa mjini Kamembe watu wananijua kama fundi wa suti. Wasichojua ni kwamba kwa miezi mingi nilikuwa pia dobi wa mteja mmoja tu, mteja wa kike mwenye meno mawili, ambaye alichafua kila nilichomfulia na hakuwahi kusema asante.

Tulianza na pampasi, kama watu wote wa mjini. Binti yetu akatoka upele mapajani, mwekundu, wa kutisha, akawa analia kila tukimkalisha. Muuguzi akatuambia tuachane nazo, tumvalishe kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa. Mke wangu akanigeukia. Kitambaa ni kazi yangu, sikuwa na pa kukimbilia.

Nilikuwa na mabaki ya pamba nyeupe ya kanzu, ile laini ya wazee wenye uwezo. Nikakata miraba mikubwa, nikakunja upindo mwembamba, nikaushona kwa uzi wa bluu. Kwa kuwa sipendi pini karibu na tumbo la mtoto, nikatia vikamba viwili vya kufungia kwenye pembe. Nilipomaliza nikazitazama na kukasirika kidogo, maana zilikuwa zimeshonwa vizuri kuliko mashati ya wateja wangu wengi, na nilijua zinakokwenda.

Kushona haikuwa shida. Shida ilikuwa kufua, na shida ya kufua ilikuwa mama yangu.

Mke wangu ni mtu wa mpaka. Alfajiri anabeba maziwa na mboga, anavuka daraja kwenda Bukavu, jioni anarudi na habari za dunia nzima. Asipovuka anaumwa. Nilimshuhudia siku zile za arobaini, alipokuwa amefungiwa ndani na uzazi: alipanga vikombe kwa ukubwa, akavipangua, akaanza kubishana na kuku. Nilimpenda akiwa na kikapu kichwani na haraka miguuni, na sikutaka kuishi na yule wa vikombe. Basi mtoto akikaa na mimi kiwandani, pale ninaposhonea, yeye anavuka. Huo ndio mkataba wetu, na mama aliukubali kwa shingo upande.

Mama anaishi nasi katika uwanja mmoja, na uwanja ni wake. Alikubali nimlishe mtoto uji. Alikubali nimbebe. Lakini kuhusu nepi aliniita, akanikalisha, akaniambia maneno ambayo bado nayasikia:

"Siku nitakukuta na kushe ya mutoto mu mukono, bibi yako ataacha mambo ya mupaka, atabakia ku nyumba. Sitaki bantu baseme mutoto yangu amegeuka boyi."

Si dini iliyosema hivyo. Nilimuuliza shehe, akacheka tu. Ilikuwa sheria ya mama, na sheria ya mama haina rufaa. Nikamwambia mama kwamba mke wangu ndiye anayefua, alfajiri kabla ya kutoka. Mama akaridhika, hata akaanza kumsifia mkwe wake kwa majirani: mwanamke anavuka mpaka na bado nepi za mtoto zinang'aa. Mke wangu alipokea sifa hizo macho yakiwa chini. Mimi nilikaa pembeni na vidole vilivyokauka kwa sabuni, nikasikia uchungu. Ndiyo, uchungu. Kazi yangu inasifiwa mbele yangu na siwezi hata kutabasamu.

Basi nikafua kwa siri. Nyuma ya kiwanda nina kichumba cha makaa, na humo niliweka ndoo yenye mfuniko. Wateja wakiuliza harufu ile ni ya nini, niliwaambia ni rangi ya kitambaa, bado inachacha. Wengine waliinama kunusa wakasema rangi nzuri haikosi kunuka. Uji wa mtama ukipita kwa mtoto unarudi na nguvu mpya, na mtu ambaye hajausugua kwenye pamba nyeupe asinifundishe maisha. Nilisuuza maji matatu, kwa sababu mimi ni mtu wa kuswali na mtoto anakaa pajani pangu. Maji ya tatu yakitoka safi kabisa, ndipo nahesabu kitambaa kimetahirika.

Kuanika ndiko kulikonitia wazimu. Kamba ya nje iko barabarani, mbele ya macho ya mama na ya mtaa mzima, na mvua ya Kamembe haina ratiba. Nikaja na akili ya fundi: nilizitandaza nepi ndani ya makoti ya wateja yaliyotundikwa, kati ya bitana na mgongo wa hanga. Kwa nje ni duka la suti. Kwa ndani, kila koti limebeba unyevu wake kimyakimya. Mwalimu mmoja mstaafu alijaribu koti lake akasema analisikia baridi mgongoni. Nikamwambia hiyo ni bitana ya kisasa, ya nchi za joto. Akalivua, akalitazama kwa heshima, akaomba suruali nayo iwekewe bitana hiyo.

Zikishapungua maji huko, nazimalizia kwa pasi ya makaa. Pamba inakauka, inakuwa na joto, inanukia kama mkate. Nakiri nilizipiga pasi vizuri mno. Mkono wangu haujui kupiga pasi vibaya.

Sasa, siku moja nilikuwa namalizia suti ya bwana harusi. Kijana wa familia ya Bukavu inayofanya biashara upande wetu, mmoja wa wale wanaopenda nguo kuliko chakula. Suti ya bluu iliyokoza, nimeivalisha kwenye sanamu ya kupimia, imesimama kama inataka kuongea. Nilikuwa na nepi mkononi, ya moto kutoka kwenye pasi, nimeikunja vizuri, vikamba vikiwa ndani. Mlango ukafunguka. Mama.

Hapakuwa na meza karibu, hapakuwa na kapu. Palikuwa na mfuko wa kifua wa lile koti. Nikaisokomeza humo, na kwa kuwa mkono wangu ni wa fundi, nikazitoa ncha tatu juu, nikazipanga. Ule uzi wa bluu ukaoana na koti kana kwamba nilipanga hivyo tangu mwanzo.

Mama akaja hadi mbele ya sanamu, akaitazama muda mrefu.

"Hii njo kazi," akasema. "Na kile kitambara ku kifua, kinapendeza sana."

Akaketi kwenye benchi. Mama akiketi kiwandani haondoki mpaka aswali alasiri. Nilizunguka sanamu na mkasi, nikitafuta kisingizio cha kuchomoa kile kitu, na kila nikinyoosha mkono namwona ananitazama. Nikiwa bado nazunguka, bwana harusi mwenyewe akaingia na rafiki zake. Amekuja mapema, harusi ni kesho, hawezi kusubiri. Akavaa koti. Akajigeuza kwenye kioo. Akagusa kifua.

"Fundi, umeniwekea hata na poshete?"

Poshete ndiyo kile kitambaa cha mapambo cha mfuko wa juu, na kwa vijana wale ni kitu kikubwa kuliko pete. Ningeweza kusema. Maneno yalifika kwenye meno. Lakini mama alikuwa pale, na akilini nikamwona mke wangu akipanga vikombe.

"Zawadi," nikasema.

Akanikumbatia. Mama akanikunjulia uso kwa fahari ambayo sikuwa nimeiona tangu nipate cheti cha ufundi.

Harusi ilikuwa kanisani, huko Mibirizi. Sisi Waislamu wa Kamembe hatukosi harusi ya jirani, naye hakosi ya kwetu. Nilifika mapema na poshete halali ndani ya mfuko wangu, ndogo, ya hariri, nimeamua kubadilisha. Nilimkuta bwana harusi nje ya mlango, nikamsogelea nikijifanya nalainisha bega. Vidole vyangu vilikuwa vimekwisha shika ncha ya kwanza pale msimamizi wake, kijana mrefu mwenye viatu vya rangi mbili, alipoushika mkono wangu.

"Usiguse, fundi. Iko parfait, haina kasoro."

Nikajaribu tena wakipanga mstari wa kuingia. Akanishika tena. Mara ya mwisho alinitazama vibaya, kama mtu anayeshuku mwizi wa vitambaa, nami nikaenda kuketi nyuma na familia yangu.

Yote yangepita salama kama bwana harusi asingelia. Lakini vijana wa nguo nzuri wana machozi ya karibu. Alipofika kwenye kiapo, sauti ikakatika. Akameza. Akajaribu tena. Kisha mkono ukaenda kifuani.

Poshete hutoka kwa mkupuo mmoja. Hii ilitoka, ikaendelea kutoka. Akavuta, ikaja, akavuta tena, na kila mkunjo ukifunguka kanisa lote likainua macho nao. Mwishowe akabaki ameshika mraba mweupe wa ukubwa wa kumfunika kichwa, na kamba mbili zikining'inia. Padri akasubiri. Bwana harusi akautazama mraba ule, akaona ni heshima kubwa aliyofanyiwa, akazamisha uso wake mzima ndani yake akalia kwa kushiba. Pamba ya kanzu inanyonya vizuri, hilo nalijua kuliko mtu yeyote. Alipoutoa uso ulikuwa mkavu kabisa, akasema kiapo chake bila kukwama.

Mke wangu alijifunika kitenge usoni, mabega yakimtetemeka. Nilidhani analia. Sikuwa na nguvu ya kumtazama mama.

Ukumbini mambo yakazidi. Chakula kilipokuja, bwana harusi akagundua vile vikamba, akaelewa matumizi yake, akaifunga nepi shingoni ili asichafue shati. Rafiki zake wakapiga makofi. Nikamsikia mmoja akimweleza mwenzake kwamba huo ndio mtindo wa Kinshasa sasa hivi, yeye ameuona. Msimamizi wa viatu vya rangi mbili akaja kwenye meza yetu, akaniomba msamaha kwa kunizuia mlangoni. Alifikiri nilitaka kuishusha poshete, kumbe, akasema, nilitaka kuifungua vizuri zaidi.

Mama alikuwa amempakata mjukuu wake. Sasa akamlaza mapajani, taratibu akainua gauni la mtoto, akatazama nepi aliyoivaa. Akapitisha kidole kwenye uzi wa bluu. Akashika kamba moja. Kisha akamtazama bwana harusi aliyekuwa anatafuna paja la kuku, akarudi kwa mtoto, akamshusha gauni.

"Ile ya bwana harusi," akasema kwa sauti ya chini, "ni ya mutoto."

"Ndiyo, mama."

"Bibi yako njo aliifua?"

Nilimwona mke wangu ameacha kula. Alikuwa ameshika kijiko, hakipandi wala hakishuki. Ningeweza kusema ndiyo, na mpaka ungebaki wazi, nami ningebaki mwizi ndani ya kichumba changu cha makaa. Nilikuwa nimechoka. Si kufua, kufua nilishakuzoea. Nilichoka kujificha kwa ajili ya kinyesi cha mwanangu mwenyewe.

"Ni mimi. Zote nafua mimi. Kila siku."

Muziki ulikuwa umeanza, bwana harusi amesimama kucheza, ile nepi ikimpepea kifuani. Mama akaifuata kwa macho ilivyokuwa ikizunguka ukumbi.

"Mi nilizala nyie wote," akasema mwishowe. "Nilifuaka ku mugezi, mu maji ya muto, hata na homa. Baba yako, Mungu amurehemu, hakunifuliaka hata kitambara ya mukono."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya zamani ya kitu. Halafu akaendelea kumpigapiga mtoto mgongoni, na sisi wawili tukarudi nyumbani bila kujua hukumu yetu ni nini.

Siku mbili mama hakufika kiwandani. Siku ya tatu mke wangu alivuka akiaga kama anayevuka kwa mara ya mwisho. Jua lilipotoka baada ya mvua ya asubuhi, nikasikia mlango wa kichumba cha makaa unafunguliwa. Mama alitoka na beseni langu la kufulia kiunoni, lenye nepi nilizozifua na kuzikamua asubuhi, akaenda moja kwa moja kwenye kamba ya barabarani. Akazianika zote, akizinyoosha pembe, vikamba vikitazama njia.

Kijana mmoja akasimama. Alikuwa amesikia habari za harusi, akauliza kama hizo ndizo poshete.

"Hapana," mama akajibu, kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya barabara. "Ni kushe za mujukuu wangu. Papa yake njo anazifuaka."

Nilisimama mlangoni na tepu shingoni, sikuwa na la kufanya na uso wangu. Yule kijana akafikiri kidogo, kisha akaniambia yeye angependa yenye uzi mwekundu.

Jioni mke wangu akatokea barabarani, akaona kamba. Akapunguza mwendo. Akatua kikapu chini polepole, akasimama mbele ya mama, anasubiri kuambiwa. Mama alikuwa anamlisha mtoto uji, hakuinua hata kichwa.

"Kesho utoke mapema," akamwambia. "Ku mupaka kunakuwaka bantu mingi asubui."