Sinema ya Mafundi wa Keki

Mume wangu alizaliwa kwenye maporomoko, kwa watu wanaotega samaki katika maji makali, lakini mkono wake ulipenda sukari. Aliingia jikoni mwa hoteli moja ya wazungu kuosha sahani, na miaka michache baadaye alikuwa fundi wa keki. Baba yake, mvuvi, hakumsamehe. Alisema mwanaume hapiki vitu vitamu vya kulambwa na wake za watu.

Ilikuwa miaka ya mwisho kabla ya uhuru. Mzungu mmoja wa sinema alikuja Kisangani kupiga picha za mafundi wa keki wa hoteli na maduka makubwa. Kila fundi angekuwa na sehemu yake, na kila Jumamosi sehemu moja ingeonyeshwa kwenye kitambaa cheupe katika uwanja wa mpira wa mtaa wetu. Mume wangu peke yake alikuwa Mwafrika.

"Mama, bataniona mpaka Ubundu kule juu ya mto," aliniambia, akicheka kama siku ya arusi yetu. "Na papa yangu ataniona."

Siku ya kupiga picha nilimpelekea aproni niliyoitia wanga na kuipiga pasi ya makaa. Waliniruhusu kusimama mlangoni mwa jiko. Alikuwa anajenga mnara wa maandazi madogo yenye krimu ndani, akiyashikiza kwa sukari iliyoyeyushwa motoni. Taa za yule mzungu zilikuwa kali hata sukari ikaanza kutoa machozi na mnara ukalala upande. Alianza upya. Sukari ilimuunguza vidole. Nilimwona akiuma mdomo. Mnara uliposimama, mzungu alimwambia aitazame mashine na atabasamu. Alitabasamu. Sijapata kumwona tena mzuri vile.

Filamu zilipelekwa Ulaya kusafishwa, zikarudi mvua zilipokwisha. Jumamosi ya kwanza tulimwona fundi mzungu wa hoteli nyingine, hata jasho la pua yake. Ikafika Jumamosi yetu. Wakwe zangu walishuka mto kwa mtumbwi, mama mkwe na kitenge kipya, baba mkwe amevaa kofia yake ya kanisani. Niliwatafutia nafasi mbele kabisa.

Giza lilipoingia, mashine ikaanza kunguruma. Mnara ukatokea pale kitambaani, mweupe, unang'aa. Uwanja mzima ukashusha pumzi. Nyuma yake aproni ilikuwa inatembea, na juu ya aproni ilikuwepo kofia ya upishi. Katikati ya kofia na aproni hapakuwa na kitu. Weusi mtupu.

Mtu mmoja akapiga kelele, "Mupishi hana kichwa!" Mwingine akajibu, "Ni ndoki, mulozi!" Uwanja ukaangua kicheko.

Mama mkwe alinivuta mkono. "Minaona gato, ile keki tu. Mutoto yangu iko wapi?"

"Ni ule, mama. Iko nyuma."

"Nyuma wapi?"

Mume wangu alikaa kando yangu, mikono katikati ya magoti, macho kwenye kitambaa. Nadhani alikuwa bado anangojea ile tabasamu itokee. Haikutokea. Baba mkwe alisimama kabla ya mwisho, akaiweka sawa kofia yake.

"Bon, basi," alisema. "Nimeona."

Wakarudi kwao.

Jumatatu mume wangu alimfuata yule mzungu, akamwomba apige upya. Mzungu alimkaribisha vizuri, akampa kiti. Alimweleza kwamba taa zilipimwa kwa ajili ya keki; angeongeza mwanga ili uso mweusi uonekane, keki nyeupe ingepotea. Filamu imekwisha, na yeye mwenyewe anapanda ndege kurudi kwao, pale kiwanja cha Simi-Simi, wiki hiyo. "Lakini keki yako ilikuwa bora kuliko zote," alimwambia. Mume wangu alinisimulia hayo akiwa amesimama, kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

Njiani watu walimwita Bila-Kichwa. Akaanza kwenda kazini kwa njia ya mbali. Kiangazi kilichofuata baba mkwe alifariki, na tangu jioni ile yeye na mwanawe hawakuwa wamesemezana neno. Hoteli ikaleta kijana kutoka Ulaya kwa kazi ya keki, mume wangu akawekwa kwenye mkate. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyetaka alalamike, avunje hata kikombe.

Binti yetu alipobatizwa nilimwomba mume wangu atengeneze keki, ndogo tu, kwa ajili ya wageni wa kanisani. Alikuwa anafunga viatu. Hakuinua uso.

"Nunua mikate," alisema.

Nikanunua. Tuliila na chai, na hakuna mgeni aliyeuliza habari ya keki.