Siku Baba Alipomwuliza Mdogo Wangu

Kila nikipita karibu na maganda ya kahawa yanayochacha, harufu ile tamu na kali hunirudisha shambani kwetu, kwenye mteremko ulio juu ya mji wa Mbinga, siku mnunuzi binafsi wa kwanza alipopandisha gari lake kijijini. Alitangaza kwamba angeondoka kesho yake na kahawa yote atakayoletewa. Majirani wakaanza kukwanyua kahawa matawini, mbivu na mbichi pamoja.

Baba alisimama na kikapu chake, akasita.

"Tuchume zote, baba," nilisema. "Wenzetu wanamaliza."

Baba alimgeukia mdogo wangu, ambaye hata matawi ya juu alikuwa hayafikii. "Wewe unaonaje, mwanangu?"

Mdogo wangu hakuwa mtu wa kukurupuka. Alizitazama kahawa kwanza. "Tuchume nyekundu tu, baba. Huyu akiondoka, mwingine atakuja."

Baba akacheka, akainama kuchuma nyekundu. Wivu ulinishika. Nilichuma kwa hasira, vidole vikinata, nikawapita wote wawili.

Kesho yake mnunuzi aliyakataa magunia ya majirani kwa sababu ya mbichi zilizochanganywa humo. Kwetu alichota kahawa kiganjani, akatabasamu. "Mzee, nani aliamua mchume hivi?"

Baba aliweka mkono juu ya kichwa cha mdogo wangu. "Huyu hapa."

Majirani wakamsogelea, watu wazima wale, wakamwuliza na wao wafanyeje. Mkono wa pili wa baba ulikuwa unaning'inia tu, na mimi nilikuwa nimesimama upande huo.