Mabati Yaliyolala Kwetu

Bati jipya lina harufu yake. Linanuka chuma na mafuta, na likipigwa na jua la saa sita harufu hiyo inakukaa kooni mpaka jioni. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Lemara alikuwa anaezeka nyumba, na mafundi walipoanza kushusha mabati nilifunga madirisha yote. Mume wangu aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni vumbi. Mara gari la matangazo la mgombea mmoja likapita na muziki wake, na fundi aliyekuwa juu ya kenchi akapaza sauti: "Piteni, piteni! Mmetula weee, sasa mnakuja kutuchezesha!" Wenzake walicheka. Hata mimi nilicheka nyuma ya pazia, kisha nikarudi kuhakikisha madirisha yamefungwa.

Nililelewa Akheri, kwenye mteremko wa Mlima Meru, katikati ya migomba na kahawa. Baba yangu alikuwa na vitu viwili ambavyo majirani hawakuwa navyo: mashine ya kumenya kahawa na mhuri. Mashine aliirithi kwa babu, ya mpini wa mkono, nzito, ikipiga kelele utadhani inasaga mawe. Kahawa ikichumwa inatakiwa itolewe ganda siku hiyohiyo, ikilala inachacha, kwa hiyo kila jioni ya msimu watu walikuja uani kwetu na ndoo zao wakapanga foleni. Mhuri alipewa siku walipomchagua kuwa mwenyekiti wa kitongoji. Ilikuwa kazi isiyo na mshahara. Aliandika barua za utambulisho, alipatanisha watu waliogombea mipaka, na alipita nyumba kwa nyumba kudai michango, na kwa kazi hiyo ya mwisho hakuna aliyemkaribisha chai.

Kwa hiyo serikali yote tuliyokuwa nayo pale ni baba yangu, na serikali hiyo ndiyo iliyokuwa inazungusha mpini huku wananchi wakiisema. Na walijua kusema. Mzee Anaeli, jirani yetu wa ng'ambo ya masale, ile mimea ya mpakani, alikuwa na mdomo mkali kuliko kisu cha kupogolea. "Ushuru wa kahawa, ushuru wa ndizi, ushuru wa kuku akivuka barabara," alikuwa akihesabu kwa vidole. "Imebaki pumzi tu. Na wakijua napumua bure wataniletea mita." Mama Sifa, mjane aliyeuza maziwa, alisema mwaka huo kura yake anampa ng'ombe wake, kwa sababu huyo angalau akila kitu kinatoka. Walizisema safari za wakubwa, posho zao, na mashangingi yao yenye nafasi ya watu saba anamopanda mheshimiwa mmoja na koti lake. Wakihamia Kimeru ujue sasa ni matusi yenyewe.

"Mwenyekiti, usitusikie vibaya," Mzee Anaeli alikuwa akimalizia. "Hatukusemi wewe."

"Sijasikia kitu, mashine inapiga kelele," Baba alijibu, na wote wakacheka. Mimi nilipenda jioni zile kuliko Krismasi. Nilikaa juu ya gunia, maganda ya kahawa yakinuka utamu miguuni pangu, nikiyakariri maneno yao yote.

Mwaka ule tulikuwa tunajenga zahanati. Wananchi walichanga, wakabeba mawe, wakapandisha kuta mpaka juu, na serikali ikaahidi kuleta mabati na mbao. Mabati yalifika masika. Lori lilizama kwenye tope chini kabisa ya kilima, Baba akaita watu, wakapanda na mabati kichwani wawili wawili, wanaimba, maji yanawatiririka mgongoni. Zahanati haikuwa na mlango wala komeo. Wakasimama barazani kwetu wanakamua mashati, wanajadiliana, na aliyekata shauri ni Mzee Anaeli. "Yakae kwa Mwenyekiti, kwenye stoo ya kahawa. Kwingine yataota miguu." Bati lilikuwa limemchana kiganja, Mama akamfunga kwa kipande cha khanga yake, na mimi ndiye niliyeshika beseni la maji. Maji yaligeuka mekundu. Naomba mlikumbuke beseni hilo.

Mbao hazikuja. Baba alishuka wilayani kuuliza mara nyingi, kila mara akaambiwa zipo njiani, kila mara akarudi na viatu vya tope akayarudia maneno hayohayo kwa watu. Stoo ilipakana na chumba nilicholala, kwa hiyo nilivuta harufu ya mabati yale kila siku mpaka sare yangu ya shule ikanuka hivyo.

Uchaguzi ulipokaribia, manung'uniko ya pale kwenye mashine yalibadilika. Mwanzoni walikuwa wakisema "wanakula". Sasa wakaanza kusema "kuna mtu anakula", na wakisema hivyo waliangalia ndoo zao. Mheshimiwa wa juu walikuwa hawamfikii. Baba yangu walimfikia kila jioni, mikono yake ikiwa kwenye mpini. Baba alipotaja mbao, mtu mmoja alikohoa, wengine wakapokea kikohozi kile. Watoto wao wakaenda nacho shuleni. Wakaniita Binti Bati. Nikikaa kwenye dawati, mwenzangu anasogea pembeni na kujifuta. Muhula mzima sikuwa na mtu wa kucheza naye, na nilimchukia baba yangu kwa hilo, nasema kweli. Wao niliwaogopa tu.

Ndipo akaja mgombea ubunge. Alikuwa mzaliwa wa kwetu aliyehamia mjini akatajirika, na Jumapili moja tukamkuta kanisani, benchi la mbele, suti ya kijivu. "Sikuja kwa siasa," alisema alipopewa nafasi ya kusalimia. "Nimekuja kusali na ndugu zangu." Waliokuwa wameapa uani kwetu kwamba akikanyaga watampopoa matope walimpigia vigelegele.

Kama hamjawahi kusali kwa Walutheri wa huku, baada ya ibada kuna mnada. Asiye na hela huleta alichonacho, mkungu wa ndizi, mayai, chupa ya maziwa, kuku, na mzee wa kanisa huvinadi pale nje. Raha yake ni kwamba ukinunua kitu unaweza kumzawadia yeyote, au ukakirudisha kinadiwe upya. Nimeshaona yai moja likinunuliwa mara tano. Siku hiyo Mama Sifa alileta jogoo mwekundu, mgombea akamnunua kwa bei ya mbuzi, watu wakapagawa.

Akamweka jogoo kwapani, akasubiri watu watulie. "Nimesikia kuna zahanati haina paa," alisema. "Nimesikia mabati yalikuja. Yako wapi?"

Baba alikuwa nyuma, ameshika sweta langu kwa sababu jua lilikuwa limetoka na mimi nilikuwa nimelivua. Akanyoosha mkono. "Naomba nieleze, mheshimiwa."

"Subiri, Mwenyekiti. Tuwasikie wananchi kwanza."

Mzee Anaeli aliangalia viatu vyake. Mimi nikanyoosha kidole kama darasani.

"Yako nyumbani kwetu," nilisema. "Stooni."

"Eeeh!" Sauti ile ilitoka kwa watu wote kwa pamoja. Mama Sifa akashika kichwa. Watu walioyabeba mabati yale juu ya vichwa vyao wakageukiana macho yamewatoka, kana kwamba ndiyo kwanza wanasikia. Mgombea alizungumza nami kidogo, akanishika bega, akatangaza kwamba taifa linahitaji watoto kama huyu, na akanikabidhi jogoo. Nilipigiwa makofi. Watoto walioniita Binti Bati walikuja kumgusa jogoo wangu mkia.

Alasiri hiyo wanaume walikuja kwetu na makoti yao ya kanisani. Waliyatoa mabati stooni moja moja, wakiyahesabu kwa sauti, na hesabu ilipotimia bila kupungua hata moja nilidhani mambo yameisha. Mzee Anaeli akajifuta jasho. "Alikuwa bado hajapata mteja," alisema, na watu wakaona ni maneno ya maana. Wakayapeleka zahanati wakayalaza kwenye majani, ndani ya kuta zisizo na paa. Siku chache baadaye ukaitishwa mkutano, Baba akaweka mhuri mezani, akauliza kama kuna mwenye swali. Hakukuwa na swali. Aliyemfuata kwenye kiti alikuwa anapiga mhuri kichwa chini, na hakuna aliyemkemea.

Lakini kabla ya mkutano huo, Jumatatu, Mama alimchinja jogoo. Alimpika mzima, akamweka kwenye bakuli kubwa la wageni, akalisukuma mbele yangu. Wadogo zangu aliwapa mboga za majani.

"Kula," alisema. "Huyu umemfanyia kazi."

Nilikula nikilia. Nikiacha kutafuna, alinitazama mpaka nikaendelea. Baba alitazama kidogo, akavuta kigoda, akang'oa bawa moja akalila taratibu mpaka kwenye mfupa. Hakuwa na njaa. Alikula ili nisile peke yangu, lakini wakati ule nilifikiri naye anapenda kuku.

Jumanne jioni majirani wakaja na ndoo zao. Kahawa ilikuwa imechumwa, na mashine nyingine ilikuwa mbali. Wakapanga foleni uani kwetu wakaanza pale walipoishia, ushuru, posho, mashangingi, na Mzee Anaeli akasema siku hizi wezi ni wote, wakubwa kwa wadogo. Hakuongeza kwamba hamsemi Baba.

"Zamu ya nani?" Baba aliuliza, akashika mpini.

Mgombea alishinda, na shangingi lake tuliliona mara moja. Mabati yalibaki kwenye majani bila mlinzi, kwa sababu nani tena angekubali kuyalinda? Kila wiki yalipungua. Kufikia masika yaliyofuata mabati yote yalikuwa yamekwisha, na jiko la Mzee Anaeli lilikuwa na paa jipya, banda la ng'ombe la Mama Sifa vilevile. Wala hawakuyapaka rangi. Kuta za zahanati zipo mpaka leo, watu hufunga mbuzi humo, na mjamzito akishikwa na uchungu anashushwa kwa bodaboda.

Baba alifariki mwaka juzi. Tulimzika kwenye migomba, nyuma ya nyumba. Zamu ya majirani kutoa neno ilipofika, Mzee Anaeli alinyanyuliwa na wajukuu wawili, akashikishwa maikrofoni kwa mkono uleule wenye kovu. "Nisiposema haya sitalala," alisema. "Mabati yale tuliyapeleka kwake sisi wenyewe. Yakakaa miezi saba, halikupungua hata moja. Huyu alikuwa mtu mwaminifu." Watu wakaitikia amina, wengine wakalia. Manyunyu yalikuwa yameanza, na nilisikia yakigonga paa la jiko lake ng'ambo ya masale. Mtu mmoja akanishika mkono akaniambia nishukuru, baba yangu amesafishwa. Nilitamani kumtemea mate.

Kisa hiki nimewahi kuwasimulia watu kadhaa. Nimemsimulia mume wangu, na rafiki yangu mmoja wa Levolosi ninayefanya naye kazi. Siku zote naishia hapo, kwenye mazishi. Wananionea huruma. Wananiambia ulikuwa mtoto, uliulizwa swali ukajibu ukweli, wenye dhambi ni wale wazee. Nami huitikia, ninakunywa chai yangu.

Ninyi nitawaambia lililobaki. Pale kanisani, kabla ya kunipa jogoo, mgombea aliniuliza swali la pili.

"Nani aliyapeleka huko, mwanangu?"

Niligeuka nikamtazama Mzee Anaeli, naye akanitazama. Mkono wake ulikuwa umekunjwa ngumi, kovu likiwa ndani. Nilijua yaliyokuwa kwenye ngumi ile, mimi ndiye niliyeshika beseni. Alisubiri nimtaje. Nilimwona anasubiri. Na niliwaona watoto wa darasa langu wamenikodolea macho, kwa mara ya kwanza hakuna aliyejifuta, na jogoo alikuwa karibu nami kiasi kwamba niliona jicho lake linavyopepesa.

"Baba," nilisema. "Aliyaleta usiku."

Neno hilo la usiku hakuna aliyenifundisha. Nililiokota pale kwenye mashine, juu ya gunia langu, nikisikiliza watu wazima wanavyosimulia wezi. Ngumi ya Mzee Anaeli ilifunguka. Baba alikuwa nyuma, na sweta langu mkononi, na alisikia.

Hakuniuliza siku hiyo. Hakuniuliza nilipoolewa, wala siku za mwisho hospitalini tulipokuwa wawili tu na muda tulikuwa nao. Mzee Anaeli alisubiri Baba afe ndipo akasema kweli, na mimi nimemtukana moyoni kwa hilo tangu mazishi. Nimesubiri zaidi yake.