Manowari ya Sebuleni

Manowari ya Kiingereza iliyomleta Durban nyanya wa ukoo wa mke wangu, baada ya kumtoa utumwani, ndiyo iliyokuja kuupiga mizinga mji wa mababu zangu, huko kaskazini kwenye pwani ya Kiswahili. Si nyingine, ni ileile.

Niligundua hilo mwaka 2011, katikati ya posa. Ukoo wa mchumba wangu ni wazao wa watu waliokombolewa baharini, na kwao posa haijibiwi mpaka wageni wasimuliwe habari za ile meli, chini ya picha yake, sebuleni. Shangazi yake alisimulia, kwa Kiswahili alichookota msikitini kwa wafanyabiashara waliotoka kwetu. Baba yangu mdogo, mwenye duka la simu mtaa wa Albert Park, hapahapa Durban, ndiye aliyekuwa mshenga. Akasikiliza kwa adabu. Mimi nikauliza: baada ya hapo meli ilikwenda wapi?

Hakuna aliyejua. Nikaenda maktaba, nikafuata kazi zake zote tangu ilipoundwa enzi za Malkia Victoria: kukamata majahazi ya watumwa, kuushambulia mji wetu, kupima kina cha bahari, mwisho kuuzwa kama chuma chakavu.

Baba mdogo aliposikia, akagoma. "Eish! Nipeleke mahari chini ya picha ile?"

Mchumba wangu akamleta shangazi yake dukani kwa baba mdogo.

"Kwa hiyo tuitupe?" shangazi akauliza. "Nyanya yetu alishuka kutoka mawinguni?"

"Alishuka melini, shemeji. Kisha meli ikaja kutubomolea nyumba."

"Nani shemeji yako? Mahari yenyewe hujaleta!"

Wateja wakacheka. Mchumba wangu hakucheka. "Mimi naolewa nyumbani kwetu," akasema. "Picha haiondoki. Na shangazi atasimulia yote, mpaka hiyo mizinga."

Jumamosi tukakaa tena sebuleni. Shangazi akasimulia ukombozi, akaendelea hadi nyumba zetu zilivyoungua, bila kushusha sauti. Baba mdogo akatoa mahari.

Ndipo shangazi akaongeza jambo ambalo hata mchumba wangu hakuwahi kulisikia: nyanya alikuwa na kaka, naye hakushuka Durban. Aliajiriwa humohumo melini, kuchochea makaa kwenye tanuri za injini.

Nimelifuatilia tangu tuoane. Meli ile ilikuwa ikishusha wachochea makaa na kuajiri wengine karibu kila bandari. Kama siku ya mizinga yeye bado alikuwa kwenye tanuri zake, mpaka leo sijui.